Nilivyoligeuza Neno la Bibi Yako

Tlawi, Ijumaa alasiri

Mwanangu Theresia,

Habari za sweta mbili, za mafuta ya kujipaka na za kutoliacha begi lako mbali ndani ya basi, mama yako ameshazisema tangu juzi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia sasa hivi ukiwa umekwenda Dongobesh kumuaga mjomba wako, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitashindwa. Wiki hii nimeshajaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama kuku wameingia bandani.

Jumapili, tukiwa tunakula, ulitusimulia usaili wako. Ulisema wale wakubwa watatu walikuuliza swali hili: mfungwa kutoka kwa parole, akamalizie kifungo chake nyumbani chini ya uangalizi, ni haki yake au ni hisani anayofanyiwa? Ukasema ulijibu bila kusita kwamba ni hisani, na mkubwa mmoja akaitikia kwa kichwa. Mama yako akasema hata yeye angejibu hivyo. Kisha ukanigeukia. "Na wewe baba, unasemaje?" Nikainuka, nikasema naona ng'ombe mmoja amekata kamba. Hakuna ng'ombe aliyekata kamba. Nilisimama nyuma ya zizi mpaka nikasikia mnaosha vyombo.

Kesho unakwenda chuo cha askari magereza. Utavaa sare, utashika funguo, na siku moja watakupa karatasi uandike kuhusu mtu aliye ndani. Siwezi kukuacha uende huko ukiwa na lile jibu la Jumapili tu, na ukiwa hujui baba yako alifanya nini. Nimechoka kulibeba jambo hili, Theresia. Sikuandikii ili unihurumie. Nimechoka, basi.

Baba yako mdogo Emanueli alikufa ukiwa darasa la tatu. Unachokijua ni kile tulichokuambia, kwamba Qamara, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, alimuua kwenye mnada wa Bashay, akafungwa miaka kumi na miwili kwa kuua bila kukusudia. Hayo ni kweli. Lakini ugomvi ule haukuanzia mnadani. Ulianzia kwangu.

Siku mbili kabla ya mnada mimi ndiye niliyekuwa malishoni. Nilikaa chini ya kile kichuguu kilichopo mpakani, usingizi ukanichukua, na ng'ombe watano wakaingia kwenye maharage ya Qamara. Yalikuwa yamekomaa, yamebaki siku chache kung'olewa. Nilipoamka nikawafukuza haraka, nikarudi nyumbani nikanyamaza. Jioni Qamara akaja na konzi ya mashina yaliyokanyagwa. Hakupiga kelele. Tulikuwa marafiki, tulibatizwa siku moja.

"Baba Theresia," akaniambia, "njoo tu uone, halafu tutajua tunafanyaje."

"Si ng'ombe wangu," nikamjibu.

"Dume lako lina kwato iliyopasuka. Alama nimeziona."

"Nimesema si wangu."

Akanitazama, akayaweka yale mashina mlangoni, akaondoka. Emanueli alipokuja kula nikamwambia Qamara amekuja hapa kutuita wezi, amesema ukoo wetu wote ni wezi. Neno hilo Qamara hakulitamka. Nilimwekea mdomoni kwa sababu nilikuwa na aibu ya kulala malishoni kama mtoto, na nilitaka mtu wa kukasirika pamoja nami. Hebu fikiria, mwanangu. Kwa jambo dogo namna hiyo.

Siku ya mnada Emanueli alikunywa tangu asubuhi. Nilikuwa hatua kama kumi kutoka pale. Alimkuta Qamara kando ya birika la kunyweshea mifugo, akampiga fimbo ya bega, kisha nyingine ya mgongo. Qamara akageuka akamsukuma kwa mikono miwili. Emanueli akaanguka kinyumenyume, kisogo kikapiga ukingo wa birika. Tulimpakia kwenye gari la mizigo kumpeleka hospitali Mbulu. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Hatukufika.

Mahakamani niliulizwa kama niliona marehemu akiwa na fimbo. Nikasema sikuona fimbo. Wako watu wawili waliosema wameiona, lakini walikuwa ndugu wa Qamara, na mimi nilikuwa kaka wa marehemu, mtu wa kanisani, nililia nikiwa nimesimama pale. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana yaliaminika pamoja na uongo.

Tangu siku ile nyumba zetu mbili hazikuazimana chumvi wala moto. Martina, mke wa Qamara, akawa anapita njia ya juu kwenda kisimani ili asikutane na sisi. Mama yake Qamara, Bibi Anjela, ambaye zamani alikuwa akija hapa kila jioni kusuka mikeka na bibi yako, hakuja tena. Bibi yako hakuwahi kumtaja. Lakini mikeka nayo hakusuka tena.

Ulipokuwa kidato cha pili, bwenini, mtendaji wa kijiji alikuja nyumbani kunipa taarifa. Qamara alikuwa ametumikia miaka mitano, mwenendo wake ndani ulikuwa mzuri, na jina lake limefika kwenye bodi ya parole. Afisa atakuja kijijini kuuliza familia ya marehemu na wananchi kama wanaona anaweza kurudi. Mtendaji alipoondoka nikatoka nikaanza kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Mama yako alidhani ni hasira. Ilikuwa hofu. Nilijua Qamara akirudi atakaa na watu, atakunywa nao, na siku moja atasema habari za maharage na kwato na fimbo, na safari hii watu watakuwa wametulia vya kutosha kumsikiliza.

Asubuhi ya mkutano nikaingia kwa bibi yako. Miguu ilikuwa imeshamkatalia, hakuweza kufika ofisi ya kijiji.

"Shikamoo mama. Leo ndiyo ule mkutano. Niseme nini kwa niaba yako?"

Aliniashiria nisogee karibu.

"Waambie arudi," akasema. "Mimi nimechoka kumshika yule mtu. Kila nikisali namkuta pale. Arudi alime, Anjela amwone kabla hajafa. Waambie ni mimi nimesema, mama wa Emanueli."

"Ndiyo mama."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Nayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa sababu hayajawahi kuandikwa popote.

Mkutanoni watu walikuwa wengi. Afisa alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya chini, alikaa na daftari magotini. Mwalimu Lazaro, yule aliyekufundisha hesabu, ndiye aliyesimama kwanza.

"Mimi naona tunaulizana kitu ambacho sheria imeshakijibu," alisema. "Imeandikwa kwamba mtu akifikisha muda fulani na akawa na mwenendo mzuri, afikiriwe. Kilichoandikwa kwenye sheria ni haki. Hatumfanyii mtu fadhila hapa."

Mama Fabiano, yule mjane wa bondeni, hakungoja apewe nafasi. "Haki ya nani, mwalimu? Emanueli naye alikuwa na haki ya kuishi. Yeye atafikiriwa lini?"

Watu wakaguna. Wengine wakapiga makofi. Mwalimu akasema hilo ni jambo jingine, Mama Fabiano akasema hapana, ni jambo hilo hilo, na kwa muda kidogo kila mtu akawa anaongea na jirani yake. Haki, hisani, haki, hisani. Afisa aliwaacha mpaka wakachoka, ndipo akasema, "Mfungwa ana haki ya kufikiriwa, na kufikiriwa kwa taarifa za kweli. Kupewa ni jambo la bodi. Wanaangalia mwenendo wake, wanaangalia usalama wake na wenu, na wanawasikiliza ninyi. Sikuja kuwaomba mumsamehe. Nimekuja kuandika mnachosema." Kisha akageukia upande wangu. "Familia ya marehemu?"

Nikasimama. Nakuapia, mpaka nasimama nilikuwa sijaamua. Nilikuwa na neno la bibi yako mdomoni. Halafu nikamwona Bibi Anjela. Alikuwa amekaa chini karibu na mlango, na tope la kusiriba ukuta lilikuwa bado limemkaukia viganjani. Alikuwa ameanza kumtengenezea mwanawe nyumba. Nikaona kabisa Qamara akiwa ameketi mlangoni pale, anasimulia.

"Sisi kama familia hatuko tayari," nikasema. "Na mama yangu amekataa. Amesema asimwone."

"Mama mwenyewe yuko wapi?" afisa akauliza. "Ningeweza kumfikia?"

"Ni mgonjwa. Kuongea hawezi."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa na sauti, au ni mimi niliyesikia hivyo. Bibi Anjela alijisugua viganja vyake, tope likawa linadondoka vipande vipande kwenye gauni.

Nilirudi nyumbani nikamwambia bibi yako nimesema. Akasema, "Asante mwanangu." Bodi haikumkubali. Nikamwambia wakubwa wa huko wamekataa, ndivyo wanavyofanya. Akasema, "Basi tumefanya letu."

Mwaka uliofuata Bibi Anjela akafa, mwanawe akiwa ndani. Nilikwenda mazikoni kwa sababu kutokwenda kungesemwa. Bibi yako naye alitaka apelekwe, tukamweka kwenye kiti, vijana wanne wakambeba. Tulipokuwa tunasubiri jeneza, mwanamke mmoja wa ukoo wao akamwinamia akamwambia, bila ukali wowote, "Mama, kama usingekataa siku ile, angekuwepo leo kumzika mama yake."

"Mimi nilikataa?" bibi yako akauliza.

Kisha akageuza shingo, polepole maana ilimuuma, akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata.

Hakuniuliza kitu. Si siku ile wala siku nyingine. Aliipokea shikamoo yangu kila asubuhi, alikula nilichomletea, alinibariki nilipokwenda mnadani. Lakini tangu siku ile hakunituma tena neno. Akitaka kumwambia padri jambo, anamwita mama yako. Akitaka mdogo wake wa Bashay aje, anamwita mama yako. Ulikuja likizo ukaona, ukacheka, ukasema bibi amekuwa mtu wa mama siku hizi. Ulidhani ni uzee. Hata alipokuwa anakata roho, wewe ukisubiri matokeo ya kidato cha nne, alimwita mama yako asogee, akamnong'oneza. Nilikuwa nimesimama pale pale kando ya kitanda. Mpaka leo sijamuuliza mama yako aliambiwa nini, naye hajaniambia.

Kumpoteza Emanueli kuliniuma, lakini hili la kutotumwa na mama yangu mzazi sina jina lake.

Qamara alitoka mwaka jana, amemaliza kifungo baada ya kupunguziwa theluthi kama wengine. Umemwona mwenyewe, amekuwa mwembamba, anatembea kama mtu anayesubiri kuitwa. Martina alishaondoka na watoto, yuko kwa kaka yake kule Mogitu, na hajarudi. Qamara analima peke yake. Tukikutana njiani tunasalimiana. Hakuwahi kuniambia neno baya, na mimi nilianza kujidanganya kwamba mambo yamekwisha, mpaka wewe ukaniuliza swali lako la Jumapili.

Jumatano nilikwenda kwake. Nilivuka lile korongo kwa mara ya kwanza tangu Emanueli afe. Nilimkuta anachimba viazi. Aliponiona akasimama, akaegemea jembe, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikamwambia yote pale pale shambani, nimesimama: usingizi, ng'ombe, lile neno wezi, fimbo niliyoiona, na neno la bibi yako.

Nilipomaliza akachimba mashina mengine mawili. Kisha akasema, "Ng'ombe nilijua. Fimbo nilijua, mgongo ni wangu. Hilo la mama yako ndilo sikujua."

Akakaa chini juu ya udongo. Mimi nikabaki nimesimama.

"Siku ile waliniita," akasema, "nikasomewa. Kwamba kijiji kimegawanyika, kwamba familia haiko tayari. Hayo niliyategemea. Halafu wakasoma kwamba mama wa marehemu amesema asinione. Baba Theresia, mama yako alinilea. Mama yangu alipolazwa Mbulu nilikula kwake mwezi mzima. Nikasema, kama yule amenikataa, basi kweli mimi ni mtu mbaya, sikujijua tu. Nikaacha kuandika barua nyumbani. Martina aliandika tatu, sikujibu. Niliona afadhali atafute maisha yake."

Nikaokota kiazi kilichokuwa mguuni pangu, nikakiweka juu ya lundo lake.

"Waliniambia tangu mwanzo parole siwezi kuidai," akaendelea. "Sikudai. Wangeninyima kwa ukweli ningemaliza kifungo changu nikanyamaza, maana Emanueli amekufa kwa mikono yangu hii. Lakini lile neno la mama yako lilikuwa langu. Lilitumwa kwangu, wewe ukakaa nalo."

Nikamuuliza nifanye nini. Akanitazama kama mtu aliyechoshwa na swali.

"Umekuja nikusamehe?"

"Sijui nimekuja kufanya nini."

"Basi nenda ukaseme pale pale uliposemea. Mimi usinipe kazi nyingine."

Akainuka akaendelea kuchimba. Nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo swali lako, mwanangu, bado siwezi kulijibu kama watu wa usaili wanavyotaka. Nimekaa nalo siku tano. Mwalimu Lazaro hakukosea na Mama Fabiano hakukosea. Labda kutoka ni hisani, sijui, watu wa sheria wajuane. Ninachojua ni kwamba mimi nilijifanya mwenye hisani ile, nikaishika mkononi nikainyima, na wala haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke asiyeweza kutembea, ambaye alikuwa ameshaitoa.

Utakapokuwa kazini utaona karatasi nyingi zimeandikwa "familia imekataa". Sikufundishi kazi, wapo wa kukufundisha. Ila kila ukiikuta, ujue familia si mtu. Kuna mmoja aliyesimama akasema, na kuna mwingine nyumbani ambaye hakufika. Ukiweza, uliza huyo wa nyumbani alisema nini. Ukiambiwa ni mgonjwa, kuongea hawezi, kumbuka kwamba na bibi yako alisemewa hivyo, na siku ile alikuwa ameketi kitandani anachambua mchele.

Jambo moja limebaki. Jumatatu kuna mkutano wa kijiji, na nimeshamwomba mtendaji anipe nafasi. Nitasema yote, na la mahakamani pia. Mama yako nilimwambia jana. Alilia, akasema, subiri kwanza mtoto amalize chuo, usimharibie. Nilifikiria sana. Nikaona huko ndiko kule kule nilikopitia, kila mara nasubiri kwa ajili ya mtu mwingine. Sijui watanifanya nini. Pengine polisi watakuja, pengine watu watanipita tu njiani bila salamu. Martina nitamfuata Mogitu mimi mwenyewe, nimwambie kwa nini barua zake hazikujibiwa. Kama atanifungulia mlango.

Kesho mama yako ndiye atakayekusindikiza stendi. Barua hii nitaiweka begini bila kukuambia, na utaisoma ukiwa mbali, ambako unaweza kunikasirikia bila kulazimika kunisalimia asubuhi. Ukitaka usipige simu kwa muda, usipige. Nitaelewa.

Huko chuoni watakujazisha fomu nyingi. Wakikuuliza kama una ndugu aliyewahi kutoa ushahidi wa uongo, andika ndiyo, andika na jina langu kamili. Usifiche ili kunilinda wala kujilinda. Na ukiitwa ueleze, eleza ukiwa umeinua kichwa, Theresia, kwa sababu aibu hiyo ni ya kwangu na Jumatatu naanza kuibeba mwenyewe.

Ni mimi baba yako.